Mivinje ya Bamburi na Mikoko ya Gazi

Imezoeleka tangu zamani miongoni mwa wafanya tijara wa pwani hii kwamba mtu akichuma mali kwa njia yoyote ile, kisha akajenga msikiti, akachimba kisima na kufuturisha mafakiri mwezi wa Ramadhani, huhesabiwa kuwa amemaliza lililompasa, wala hapatikani wa kumwuliza mali ile ilichumwa wapi na pale ilipochumwa pamebaki nini. Kampuni za siku hizi zimeurithi mwendo huo na kuuongezea mapambo: hutoa madawati kwa shule, humkabidhi mkuu wa wilaya hundi ya maonyesho iliyo kubwa kama jamvi, hupiga picha, na mwisho wa mwaka huyaandika yote hayo katika kitabu cha karatasi nyororo ambacho aghalabu husomwa na wale wale waliokiandika. Sikusudii kukitukana kisima, maana mwenye kiu hana nafasi ya kuuliza nasaba ya maji. Lakini ihsani ya mwenye biashara ni jambo moja na dhima ya biashara yenyewe ni jambo la pili, na ni kwa shauku ya kuona mahali ambapo dhima hiyo imetiwa katika hisabu ya kazi, si katika hisabu ya sadaka, nilipoondoka Tanga nikashika njia ya Mombasa.

Shauku hiyo ilichochewa na rafiki yangu mmoja, mchimba mawe ya chokaa, mtu mwema na mkweli wa ulimi, ambaye kila nilipomtajia mashimo aliyoyaacha wazi nyuma ya mji, yajaayo maji wakati wa masika na takataka wakati wa kiangazi, alinijibu kuwa habari za mazingira ni maneno ya watu ambao hawajapata kulipa vibarua siku ya Jumamosi. Ni jibu zito kuliko linavyosikika, na mwenye kutaka kulipinga yampasa aonyeshe shimo lililotengenezwa na mtu aliyekuwa akilipa vibarua. Mimi nilikuwa nimesikia habari za shimo moja la namna hiyo.

Njia ya Horohoro haitaki tafsili kubwa: mikorosho, minazi, askari wa mpakani mwenye kuchoka, kisha Lunga Lunga na mashamba ya miwa. Upande wa bara, kabla ya kufika Ukunda, ndiko yaliko machimbo ya titani ya Kwale, ambayo yalianza kusafirisha mzigo wake mwaka 2014 na kukoma kuchimba mwisho wa mwaka 2024. Abiria mwenzangu, mwenyeji wa huko, aliyanyoshea kidole dirishani akasema kwamba sasa watu wanangoja kuona ardhi ile itarudi mikononi mwa nani, na ikirudi itakuwa katika hali gani. Juu ya msukumano wa kivuko cha Likoni wameandika wengi kabla yangu, nami sina la kuwaongezea.

Shimo nililolifuata liko kaskazini ya mji, ukishapita daraja la Nyali, kando ya barabara iendayo Malindi. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda chake kikaanza kazi mwaka 1954, kikijilisha kwa mwamba wa matumbawe ambao zama za kale, kabla ya bahari kurudi nyuma, ulikuwa ni mwamba hai wenye samaki wake na kaa wake. Mwamba huo huchimbwa mpaka karibu na maji ya chini, ambayo pale yana chumvi, na hapo wachimbaji hukoma, wakaacha nyuma yao sakafu nyeupe isiyo na chembe ya udongo wala unyoya wa majani, inayotupa nuru ya jua usoni mwa mtu hata akalazimika kufumba macho. Kwa sheria na desturi za wakati ule kampuni haikuwa na la kujibu: ardhi ilikuwa imepatikana kwa haki, jiwe limetolewa, saruji imeuzwa, na nusu ya majumba ya Mombasa yamesimama kwa sababu yake.

Mtu aliyeikataa hoja hiyo hakutoka nje ya kampuni, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha hadithi yote. Alikuwa ni mwajiriwa wake, René Haller, Mswisi, bingwa wa kilimo cha nchi za joto, ambaye baada ya kusimamia shamba la kahawa upande wa Kilimanjaro alichukuliwa na Bamburi mwaka 1959 ili aangalie bustani na chakula cha wafanyakazi. Mwaka 1971 aliingia shimoni na miche yake. Alijaribu aina 26 za miti katika vijishimo vilivyochongwa mwambani, na baada ya miezi michache aina 23 zilikuwa zimekufa kwa jua, kwa chumvi na kwa njaa. Zikabaki aina tatu tu, yaani mvinje, mnazi, na mti wa asili ya Somalia uitwao damas. Katika hizo tatu ulioshika uongozi ulikuwa ni mvinje, mti ambao sisi watu wa pwani tumeuona ufuoni tangu utotoni, ukilia kwa upepo, tusiudhanie kuwa na cheo chochote zaidi ya kutoa fito na kuni. Kumbe mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu hivyo mna vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuupa mti, kwa hiyo mvinje waweza kuishi pahali ambapo mti mwingine hungoja mbolea mpaka ukafa.

Mivinje ikakua kwa haraka ya kustaajabisha, lakini msitu wenyewe haukutokea. Majani yake membamba yalianguka yakalundikana juu ya mwamba yakakaa kama yalivyoanguka, kwa kuwa yana tanini nyingi na vijidudu vya kuozesha haviyawezi. Na maadamu hayaozi, hapakuwa na udongo, na pasipo udongo kisingeota kitu cha pili. Mtu mwenye pupa angeleta malori ya udongo kutoka kwingine, yaani angechimba shimo la pili ili kuficha la kwanza. Haller alikaa akatazama, na katika kutazama kwake akamwona jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, huyu huyu wa pwani ambaye akina mama humtupa nje kwa ufagio, akiyala yale majani makavu bila karaha. Wakakusanywa jongoo kwa mamia wakatiwa shimoni. Wao walikula, na kinyesi chao, ambacho vijidudu hukiweza, kikawa ndicho udongo.

Nilimwomba kijana aliyekuwa akitutembeza anionyeshe kwa macho, si kwa maneno, naye akachutama kando ya njia akafukua kwa vidole. Juu palikuwa na majani makavu ya mvinje, rangi ya kahawia, yakikatika kwa vipande vyenye viungo mithili ya vijiti. Chini yake majani yaliyotafunwa, meusi, yenye unyevu. Na chini zaidi udongo laini, mweusi kama wa shamba la mtu mwenye bahati, wenye harufu ya mvua. Akashuka kidogo kucha yake ikagonga mwamba. Udongo wote ule, kutoka uso wake hadi jiwe, haukuzidi urefu wa kidole cha kati cha mkono wangu, na juu ya kidole hicho kimoja ilisimama mivule, migunga na mitini ambayo siwezi kuikumbatia kwa mikono miwili. Jongoo mmoja alikuwa akipita pembeni, mrefu wa kutosha kuzunguka bilauri, miguu yake ikienda kwa mawimbi. Kijana yule akamwekea mkono njiani ili asikanyagwe na watalii, akanambia, "Huyu ndiye fundi wetu, mzee. Sisi wengine ni vibarua."

Yaliyofuata yalikuwa ni kazi ya tadbiri zaidi kuliko ya upendo wa miti, na hapa ndipo nilipomkumbuka rafiki yangu wa Jumamosi. Haller alishikilia kuwa msitu ule ujilipie, kwa sababu alifahamu kwamba bustani inayoishi kwa hisani ya mkurugenzi hufa siku ile anapokuja mkurugenzi mwingine mwenye kutafuta pa kupunguza matumizi. Basi yakachimbwa mabwawa ya samaki, perege wakafugwa na kuuzwa, wakafugwa mamba, maji yenye uchafu wa samaki yakapitishwa katika vidimbwi vya mimea ya majini ambayo huishi kwa uchafu huo na kuyasafisha, mivinje iliyokomaa ikakatwa kwa zamu na kuuzwa fito, mingine ikapandwa mahali pake, wakaletwa pofu na choroa kula majani ambayo ng'ombe asingeyaweza. Mwaka 1984 sehemu ya msitu ikafunguliwa kwa watazamaji, wakalipa kiingilio, na mwaka 1987 Haller akaingizwa katika orodha ya heshima ya mazingira ya Umoja wa Mataifa. Heshima ni jambo jema, ila kwa insafu kiingilio na samaki ndivyo vilivyouhifadhi msitu.

Wageni wengi niliowakuta hawakuja kwa sababu ya jongoo. Walikuja kwa habari ya yule kiboko mchanga aliyeokolewa upande wa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa, akashikamana na kobe mkongwe wa asili ya Aldabra kama aliyemfanya mzazi, mpaka picha zao zikazunguka dunia. Siwalaumu, mapenzi ya kiboko na kobe ni jambo la kupendeza, na kiingilio chao ni kile kile. Hata hivyo nilimwona baba mmoja akimvuta mwanawe mkono amwondoe pale penye jongoo ili wasichelewe kwa twiga, nikasikitika kidogo.

Ukitoka msituni, juu ya vilele vya mivinje, unaliona bomba la kiwanda. Sikuweza kuliacha kando, wala sidhani kuwa mwandishi mwaminifu aweza. Chokaa hupatikana kwa kuliunguza jiwe mpaka litoe hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Na kwa kila tani ya klinka, ambayo ndiyo roho ya saruji, jiwe lenyewe hutoa zaidi ya nusu ya tani ya hewa hiyo, kabla hujahesabu kuni, makaa au mafuta ya kulichoma. Shimo limetengenezwa, tena limetengenezwa vizuri kuliko yote niliyopata kuyaona. Ila moshi haukupitia shimoni. Watu wawili huja Bamburi na kutoka na maneno mawili yaliyo kinyume: mmoja husema kuwa msitu ni kilemba cha kufunika bomba, na wa pili kwamba bomba limesamehewa kwa sababu ya msitu. Mimi naona wote wawili wamechanganya vitabu. Deni la ardhi liliandikwa katika kitabu kimoja, na sehemu kubwa yake limelipwa. Deni la hewa liko katika kitabu kingine ambacho mwaka 1971 hakikuwa kimefunguliwa, na kulipa katika kile cha kwanza hakufuti mstari hata mmoja katika hiki cha pili.

Lipo na jambo la milki. Kampuni imepita katika mikono ya Wafaransa wa Lafarge, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikanunuliwa na Amsons, kampuni ya kwetu Tanzania. Katika mabadiliko hayo yote mivinje haikuhama, na sababu nadhani ni ile ile ya samaki na kiingilio: mnunuzi hununua kitu chenye kazi na watu wake, si mapambo ya mwenye mali aliyeondoka. Sasa fakhari na dhima vimevuka mpaka wa Horohoro kuja upande wetu, na nilipomwambia kijana mtembezaji kuwa natoka Tanga alicheka akasema, "Basi ninyi ndio wenyewe sasa." Nilipokea cheo hicho kwa taadhima, ingawa sina hisa.

Katika kurudi nilishuka Gazi. Msomaji wa historia atakikumbuka kijiji hiki kuwa ni makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ambaye aliinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata, alipozidiwa, akavuka kuingia upande wa Wajerumani, yaani pwani yetu. Lakini wakati ule ule wa mabwana wa vita, na muda mrefu kabla yao, hori la Gazi na mahori mengine ya pwani yalikuwa yakitoa mali isiyotajwa sana katika tenzi: boriti za mikoko, zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ambako hakuna mti wa kuezekea. Biashara hiyo iliendelea mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982. Kwa upande mwingine, katika miaka ya sabini, mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine za ufuo zikabaki tope tupu ambalo kila maji yakujapo hulichukua kidogo.

Siku hizi wenyeji wa Gazi na Makongeni wana biashara ya ajabu: huuza mikoko bila ya kuikata. Shirika lao, Mikoko Pamoja, lilianza kazi mwaka 2013 juu ya hekta 117 katika hekta 600 na zaidi za mikoko ya hori lile, kwa mkataba wa miaka 20. Hulinda miti, hupanda pale palipokatwa, na hewa ya ukaa inayozuiwa kwa kazi hiyo, ambayo imekadiriwa kuwa tani 3,000 hivi kila mwaka, huuzwa kwa watu na makampuni ya ng'ambo wenye kutaka kufidia moshi wao. Sehemu kubwa ya ukaa unaohifadhiwa na mikoko haimo katika vigogo bali katika tope, ambamo majani na mizizi huzikwa bila kuoza kwa karne nyingi. Fedha zikija, wanakijiji hukaa katika baraza wakaamua wenyewe zifanye nini, na zimefanya maji ya kunywa, vitabu vya shule na matengenezo ya majengo. Nilifurahi kuona kuwa wameona mbele pia: kwa kuwa mtu akizuiwa mkoko bado ana paa la kujenga na chungu cha kupika, wamepanda mashamba ya mivinje nchi kavu, ili mahitaji ya fito na kuni yasihamie hori la jirani. Mvinje ule ule nilioukuta Bamburi ukijenga udongo, hapa unalinda mkoko kwa kukubali kukatwa badala yake.

Jirani na hapo ipo njia ya mbao iliyojengwa na akina mama ikapita katikati ya mikoko, na mwenye kulipa hutembea juu yake mpaka penye maji makuu, kisha akapikiwa wali wa nazi na samaki. Nilikaa kwenye ubao nikifanya hisabu ambayo haikunipendeza. Tani 3,000 kwa mwaka ndizo jasho la hekta 117 na vijiji viwili. Lakini jiwe hutoa tani hizo hizo pindi linapogeuzwa kuwa tani zisizofika 6,000 za klinka, na tanuri kubwa la siku hizi hutoa klinka kiasi hicho kwa siku chache tu. Kwa hiyo lau bomba moja la saruji lingetaka kufidiwa na mikoko, hori zima la Gazi lisingetosha kulihudumia, na yeyote anayemwambia mnunuzi kwamba mche aliopandiwa Gazi umeusafisha mfuko wake wa saruji anamdanganya. Hilo halikunishushia heshima yangu kwa watu wa Gazi. Lilinishushia imani kwa wale wanaonunua tani zao kwa bei ndogo ili wapate maneno ya kuandika katika kile kitabu cha karatasi nyororo, na kunithibitishia kuwa kupunguza klinka katika saruji kwa kuchanganya majivu ya volkano, kazi ambayo haina picha nzuri, huenda ikawa na thawabu kubwa kuliko upandaji wa miti mbele ya wapiga picha.

Mama mmoja wa kamati, mtu wa makamo aliyejifunga leso kwa kazi, alinikuta katika fikira hizo akaniuliza kwetu Tanga mikoko tunaifanyaje. Nilimweleza: ya kujengea, ya matanuri ya chokaa, na iliyobaki wanakaa ndege. Hakunihubiria. Alishuka kwenye tope hadi magotini, akanivuta karibu ya mkoko mmoja, akatoa utepe wa kupimia akanionyesha pa kuanzia. Mti mwingine, alisema, hupimwa penye kifua cha mtu. Huu hauwezi kupimwa hapo kwa sababu ya magondi yake, yaani mizizi yake inayotokea juu ya tope, basi sharti utafute gondi la juu kabisa linapotokea kwenye kigogo, upande juu yake kidogo, ndipo uzungushe utepe. Akausoma, akaniamuru niusome na mimi, tukatofautiana kwa nusu ya sentimita, akanirudisha nikapime tena kwa kuwa utepe wangu ulikwenda mshazari. "Baba, mkianza huko kwenu," akasema, "msianze na mnunuzi. Anzeni na hivi, kiwanja kwa kiwanja, na muandike pia majina ya wanaokata, maana hao ndio mtakaoketi nao." Nikamwuliza itachukua muda gani kupima hori zima, naye akaanza kunihesabia kwa maji mafu na bamvua ngapi.